Mbwa Mwitu wa Abu Fahad

Harufu ya mbwa mwitu haifanani na ya mbwa wa nyumbani. Ni nzito, kama blanketi la sufu lililolowa likakunjwa kabla ya kukauka, na pale kwetu ilichanganyika na harufu ya dizeli na ya kuku wabichi waliokaa juani. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea siku mimi na mama tulipohamia nyuma ya kituo cha mafuta, kando ya barabara kuu itokayo Riyadh kwenda Jeddah, ukishamaliza kushuka ule mteremko mkubwa wa mawe. Mama alikuwa ameachishwa kazi ya usafi katika ofisi moja ya mtaa wa Olaya, Riyadh, chumba chetu cha Al-Sulimaniyah tulikuwa tumekirudisha kwa mwenyewe, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya joto. Kwa hiyo tulimfuata baba alikofanyia kazi. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, mwenye haya hata mbele ya watoto wenzangu. Baba alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwenye uzio wa chuma, akasema, "Salimia wenyeji wako." Ndani ya uzio, kwenye kivuli cha bati, walilala mbwa mwitu wanne wa rangi ya mchanga, wembamba, masikio makubwa, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Bustani ile ya wanyama ilikuwa mali ya Abu Fahad, kafili wa baba, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi, mzee mwembamba aliyeshinda kwenye kiti cha plastiki akitazama magari. Zamani, baba alinisimulia, pale palikuwa na mafuta, chai na msikiti mdogo tu. Kisha mchunga ngamia mmoja akamletea Abu Fahad mtoto wa mbwa mwitu ndani ya boksi la nyanya, naye akamfuga nyuma ya msikiti kwa kujifurahisha. Wasafiri wakaanza kukawia kwenye chai kwa ajili ya kumtazama. Abu Fahad akatafuta wengine, akajenga uzio, akaweka bango barabarani lenye picha ya mbwa mwitu aliyechorwa vibaya hata akafanana na punda. Halafu wakaja wagonjwa. Wenyeji wengi wa jangwa lile huamini kuwa majini humwogopa mbwa mwitu, basi mtu aliyezidiwa na huzuni au kupiga kelele usingizini aliletwa na ndugu zake akaketishwa karibu na uzio. Nilimwona mama mmoja amekaa pale alasiri nzima, mwanawe akimpepea kwa kifuniko cha boksi. Mbwa mwitu alimtazama, akapiga mwayo, akageuka. Yule kijana akasema alhamdulillahi, kana kwamba dawa imeingia.

Baba ndiye aliyewalisha na kuwafagilia, ingawa ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi, ilisema yeye ni mchunga kondoo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wetu kule, karatasi inasema hivi na mikono inafanya vile. Mama hakuacha kumchokoza kwa hilo. "Mchunga kondoo," alikuwa akimwita kutoka jikoni, "kondoo wako wanatafuna uzio." Baba alikuwa na namna yake ya kuwalisha. Kwa kuwa mchana kutwa walijificha kivulini na wasafiri wakalalamika kwamba hawaoni kitu, alipakia kuku kwenye pikapu, akasimama kando ya uzio na kupiga honi mara mbili. Baada ya muda haikuhitajika hata harufu ya nyama. Honi ikilia tu, wote walikuja wakasimama mbele, wametulia kama wanafunzi kwenye mstari. Wa kwanza daima alikuwa jike mmoja mzee, sikio lake la kushoto limechanika, ambaye wenzake hawakuthubutu kula kabla yake. Baba alimwita Bi Mkubwa. Mimi niliyeshindwa kuzungumza na watu nilizungumza naye. Nilimweleza mambo ya shule, naye alikaa upande wa pili wa chuma, macho yake ya manjano yamenielekea, na hiyo ilinitosha.

Ilikuwa miaka ile nchi ilipoanza kubadilika. Sinema zilifunguliwa, muziki ukasikika kwenye mikahawa, na wanawake wakaanza kushika usukani. Mama alikuwa akitoka jikoni na mwiko mkononi ili kuwaangalia wakiegesha. "Muone mwenzetu," alisema, "na miwani yake ya jua." Msichana mmoja kati ya hao alimpiga video baba akimlisha Bi Mkubwa kwa mkono. Video hiyo ilienea kwenye simu za watu wengi kiasi kwamba Abu Fahad alipigiwa na jamaa zake wa mbali. Mwanzoni alifurahi. Baadaye mpwa wake alikuja kutoka mjini akamwambia kuwa sheria za sasa zinakataza mtu binafsi kufuga wanyama wa porini, kwamba bustani imeshaonekana, na kwamba wakaguzi watafika.

Abu Fahad aliona aibu zaidi kuliko hofu. Baba aliona hofu tupu. Alijua wakaguzi wataomba ikama, na ikama yake haikutaja mbwa mwitu. Aliwafahamu watu waliokwisha kurudishwa makwao kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Akamshauri mzee awaachie mapema, kule nyuma ya vilima. Usiku ule walipomaliza kula mama alimuuliza, bila kuchokoza safari hii.

"Baba Zuhura, umewafuga kama kuku. Leo uwaambie wakawinde?"

"Kwao ni huko. Mungu aliwaumba huko."

"Bi Mkubwa aliletwa kwenye boksi."

"Basi nifanyeje, mama Zuhura? Wakinikuta nao, sisi tunakwenda wapi?"

Mama akakusanya sahani. Mimi nililala nimegeukia ukuta, nikitaka aseme kitu kingine.

Abu Fahad alikubali, na yeye na baba wakaondoka nao baada ya sala ya alfajiri, wanyama wamefungwa kwenye vizimba vya mbuzi. Bi Mkubwa alikuwa amekaa wima, mtulivu, kwa sababu lilikuwa pikapu analolijua. Baba aliporudi alisema watatu walikimbia mara moja, ila Bi Mkubwa alilifuata gari mpaka akachoka.

Siku chache baadaye wakaguzi walifika. Walikuwa vijana wawili wapole, na gari lao lilikuwa na vizimba vyenye turubai na vyombo vya maji. Walieleza kwamba walitaka kuwapeleka wale wanyama kwenye kituo chenye daktari, ambako waliozoea watu hutunzwa mpaka wanapokufa. Hawakumwomba baba ikama. Walikunywa chai ya mama wakaisifu. Abu Fahad akawaambia mbwa mwitu wamekufa kwa joto, nao wakampa pole. Baba alisimama mlangoni na ufagio mkononi, na tangu wakati huo sikumsikia tena akitania. Wiki hiyohiyo Abu Fahad alitamka "halas", basi yamekwisha, akang'oa bango, na kumruhusu baba ahamie kwa kafili mwingine Jeddah.

Tulipokuwa njiani kwenda huko, hatujafika mbali, baba alisimamisha gari. Mama alinivuta kichwa akanifunika kwa mtandio wake, lakini nilikuwa nimeshaona. Kwenye nguzo ya kibao cha barabara mbwa mwitu alining'inia kichwa chini, na sikio moja lilikuwa limechanika. Mchunga ngamia aliyekuwa karibu na gari lake la tangi la maji alikuja kuzungumza, bila uadui, kama mtu anayesimulia ajabu aliyoiona.

"Nilipiga honi ngamia waje kunywa," alisema, "akaja yeye. Akasimama mbele yangu. Hakukimbia hata nilipoinua bunduki. Nikasema huyu ana kichaa."

Baba alimwomba amshushe ili amzike. Yule mtu alikataa kwa upole. Ndivyo wachungaji wa kule wafanyavyo, mmoja hutundikwa ili wengine waogope. Baba alirudi garini. Tulisafiri mpaka Taif, na mama aliniacha nilie ndani ya mtandio.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Jeddah na kufanya kazi katika duka la maua. Nasikia pale palipokuwa na bustani pamejengwa mkahawa wa kioo, na wasichana wa rika langu wanauza kahawa, jambo ambalo zamani tungedhani ni mzaha. Mengi yamekuwa mepesi kuliko enzi za wazazi wangu, nami siyakatai. Mwezi uliopita nilikwenda kutazama hifadhi mpya nje ya mji, yenye miti na nafasi kubwa. Mbwa mwitu wake niliwaona kwa mbali tu. Watu waliita, wakapiga makofi, watoto wakalia kwa kuchoka kungoja, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Niliporudi nyumbani nilimsimulia baba, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kwenda mbali. Aliniuliza kama wana afya. Nikamwambia wana afya, ila hawaji karibu na watu.

"Hata ukiwaita?"

"Hata ukiwaita, baba."

Akasema alhamdulillahi, akainuka taratibu kwenda kutawadha.