Manka na Mvua ya Masika

Enzi zetu, masika yakishaingia huku mlimani, shule nzima ilikuwa kiziwi. Darasa halikuwa na dari, na mvua ikilikamata bati, hata kengele huisikii. Mwalimu alibaki kufungua na kufunga mdomo kama kuku mwenye kiu, nasi tukakaa kuwaza makande ya mchana.

Manka alizaliwa hasikii. Alipoletwa darasa la nne, mama yake, aliyenukia maziwa na moshi wa kuni, alikataa katakata shule ya viziwi ya mbali. "Mwanangu atasoma hapahapa, na watoto wa majirani."

Bahati nzuri Mwalimu Elia, mwalimu wetu, alikuwa na dada kiziwi. Alifundisha kwa mdomo na mikono. Lugha ile ya alama tuliidaka haraka kuliko hesabu za kuzidisha, maana ilifaa sana kusengenyana.

Manka alimpa kila mtu jina la alama. Mimi nilikuwa vidole viwili vinavyotembea, kwa sababu sikutulia kitini. Hakukosea, shule yenyewe niliiacha mapema, na mpaka leo natangatanga. Mwalimu mkuu alikuwa kiganja kinachozunguka tumboni, polepole, kama anayebembeleza mtungi wa pombe ya mbege.

Mwalimu mkuu hakumtaka Manka. "Nitakuja kumpima mwenyewe," alisema mbele yetu. "Asipojibu, arudi kwao akawakatie ng'ombe majani."

Akaja, na mvua ikaja naye. Akafoka swali. Tuliona mashavu tu yanacheza.

"Ndiyo, mwalimu!" tukapayuka.

Akafoka tena, mishipa imemtoka shingoni.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mwalimu Elia akamtegea mkuu sikio karibu kabisa na mdomo, kisha akamwuliza Manka kwa mikono. Manka akaenda ubaoni, akaandika: Kibo, Mawenzi, Shira. Kumbe tulikuwa tunaulizwa vilele vya mlima tunaoamka nao kila asubuhi!

Swali lililofuata lilikuwa letu sote. Manka akalipokea mikononi mwa Mwalimu Elia, akatugeukia, akazungusha kiganja tumboni, yaani mkuu anauliza, kisha akatupa swali lenyewe. Mikono ikainuka darasa zima. Hatukuwahi kusoma siku ya mvua kubwa namna ile.

Mvua ilipopungua, mkuu akasema, "Abaki. Lakini hii ya tumboni ndiyo nini?"

Tukainamia madaftari.

"Ni alama ya mheshimiwa," Mwalimu Elia akajibu, bila kupepesa jicho.

Mkuu alifurahi mno. Kwenye mkutano wa wazazi akasimama kujitambulisha, akazungusha kiganja tumboni kwa madaha, mara mbili mbili, huku sisi dirishani tukitafuna kola za mashati.

Siku hizi madarasa mengi yana dari, na vijana wanakaa benchi moja wakiandikiana kwenye simu, nyuso chini. Lugha yetu ile ilikudai umtazame mtu usoni.

Juzi nilipita sokoni Pasua nikitokea nisikokujua vizuri hata mimi. Spika za wauza nguo zilikuwa zikigombana. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya cherehani, mama mmoja akainua mkono. Vidole viwili vikatembea hewani, halafu vikakaa juu ya kiganja.

Nikavuka, nikakaa.