Mwanya wa Muhirwa

Mukashema anauza sukari na peremende pale Misiera, kambini mwa wakimbizi, kwa hiyo tusishangae kwamba meno ya mbele ya bintiye yaliota alama nyeupe kama chokaa. Ilikuwa 2012, Teta alikuwa na miaka kumi na minne, na katikati ya meno hayo palikuwa na mwanya. Mwanya ule ni wa baba yake, Muhirwa, ambaye vita vya Kivu Kusini vilimmeza kabla binti hajazaliwa. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba. Ukitaka kumwona Muhirwa, unamsubiri Teta acheke, na Mukashema alikuwa hodari wa kusubiri.

Akampeleka mjini Mbarara, kwa Mbabazi, daktari wa meno wa mtaa wa Nyamitanga. Daktari akasema alama zile ni mwanzo wa kuoza. Zikiwahiwa, jino hupona. Akayapaka meno floraidi, dawa ya manjano inayonata.

"Nyabo," akasema, kama wanavyomwita mama kwa heshima huko, "leo hapana piga mswaki. Mpaka kesho."

"Ndiyo, dokta," akajibu Mukashema, kwa heshima ya mtu ambaye hajakubali.

Kwao wafugaji hawatii maziwa kwenye kibuyu chenye ukoko, husugua kwanza. Na jioni ile kulikuwa na ibada, Teta akiimba mstari wa mbele.

"Utaimbia Mungu na kinywa ya namna hii? Kuya hapa!"

Akamsugua meno kwa mkaa mpaka dawa yote ikaishia uani. Teta akaimba kwa meno safi kabisa, yasiyo na kinga yoyote.

Baada ya miezi mitatu, waliporudi kwa daktari, alama zilikuwa zimepanuka.

"Nyabo, wewe nasugua?"

"Ilikuwa buchafu, dokta."

"Hiyo uchafu ndiyo dawa!" Mbabazi alicheka, kisha akaacha. "Jino ikitoboka, mimi nang'oa."

Mukashema akautazama ule mwanya, akashika ukingo wa kiti. "Paka tena. Paka mingi."

Jioni hiyo Mukashema hakugusa mkaa. Teta akayatazama meno yake ya manjano kwenye kioo, akaziba mdomo kwa kiganja, na kwaya hakwenda.

"Cheka kidogo, mwanangu."

"Nicheke na meno sawa maganda ya ndizi? Batu batasema nini?"

"Batu gani? Tuko wawili."

"Kesho, mama. Nikisha kusugua."

"Usugue polepole."

Mukashema akaketi mkabala naye, akiambua maharage, macho yakiwa kwenye ule mkono.