Batani za Ratemo

Marcella Bochaberi hutengeneza simu katika kibanda cha mabati karibu na stendi ya Kendu Bay, na ana kiburi, tusifichane. Ukimrudishia simu aliyoitengeneza, kwanza atakuuliza umeiangusha wapi. Ukiapa kwamba hujaiangusha, atakutazama juu ya miwani mpaka wewe mwenyewe uanze kukumbuka kwamba labda iliteleza siku moja. Wateja wake, ambao wengi ni Wajaluo, humwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, na wanauvumilia mdomo wake kwa sababu kazi yake ni safi.

Ndugu yake mdogo, Ratemo, alikuwa akiendesha mashine ya kusaga mahindi huko Migori. Mwaka jana mkanda wa mashine ulimnasa mkono wa kulia, na hospitalini mkono huo ukakatwa kwenye kifundo. Akaja kukaa kwa dada yake, akajifungia chumbani. Ratemo yule wa maneno mengi, wa kubishana na marefa hata kwenye redio, sasa akawa anakula mlango umefungwa ili asionekane akila kwa mkono wa kushoto.

Siku moja alisema, kama mzaha, kwamba hata gemu za simu zimemshinda, maana zinataka vidole gumba viwili. Marcella alichukua kopo la plastiki la kubebea chakula, kioo cha simu iliyokufa na bodi ndogo aliyoagiza Nairobi, akaanza kumuundia gemu yake. Batani zote sita alizipanga upande wa kushoto, kidole gumba kimoja kizifikie, upande wa kulia ukiegemezwa tu. Ndani aliweka kijitu kinachokimbia na kuruka mashimo. Ilimchukua wiki tatu, na alipomaliza alicheza mwenyewe mpaka kiwango cha nane, akaridhika.

Ratemo aliingia nayo chumbani. Baada ya siku mbili akairudisha.

"Batani ya kuruka inakataa. Si kila wakati, lakini inakataa."

Marcella aliweka mita ya kupimia umeme, akabonyeza moja moja, na mita ikalia kila mara. Akacheza, kijitu kikaruka vizuri.

"Iko sawa," alisema. "Bonyeza na nguvu."

Iliporudi mara ya pili alibadilisha batani yenyewe, ingawa haikuwa na kosa lolote. Mara ya tatu Ratemo aliiweka mezani asubuhi, kando ya kikombe cha dada yake.

"Usijisumbue tena, dada. Kama kwako inafanya kazi, basi mashine ni nzima. Mbovu ni mimi."

Aliyasema bila hasira, na hapo ndipo Marcella alipoumia. Kisha akaongeza kwamba Ijumaa atarudi nyumbani Kisii, kwa mama.

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu. Nimejaribu hiki kimoja, kimenishinda."

Basi Marcella akaenda kibandani akiomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba maishani, kwamba kazi ya mikono yake iwe mbovu. Alipima waya baada ya waya. Alicheza kopo likiwa mezani, akacheza akilishika kwa mikono miwili, akafika kiwango cha tisa. Kila kitu kilifanya kazi, na machozi yalikuwa karibu.

Alipolipangusa ili alifungie mfukoni, kitambaa kiliteleza. Nyuma, kwenye pembe ya chini ya kulia, palikuwa na doa la mafuta ya kupaka. Ratemo hupaka kovu lake mafuta asubuhi na jioni. Kumbe hapo ndipo alipokuwa akiegemeza kigutu chake, na Marcella hakujua, kwa kuwa hakuwahi kumwona akicheza.

"Lorine!" alimwita jirani yake muuza nyanya. "Njoo na leso yako unifunge huu mkono wa kulia. Ngumi yote, kidole kisitoke."

"Yawa! Nyar Kisii, leo umeamkaje?"

"We funga tu."

Lorine akafunga. Marcella akashika kopo kwa kushoto, akaegemeza ngumi pale penye doa, akacheza. Kijitu kikatumbukia shimoni. Akaanza upya, kikatumbukia tena. Mara ya nne alipiga kelele za furaha mpaka mteja wa nyanya akasogea kando.

Alikataa kufunguliwa mkono. Skrubu nne ndogo, kwa mkono wa kushoto peke yake, zilimtoa jasho. Mbili zilianguka chini na Lorine akazitafuta. Hapo ndipo Marcella alipoelewa kwa nini ndugu yake huchelewa kuvaa kila asubuhi.

Ndani, waya mweusi hupita kutoka batani hadi batani, zote zikiutegemea. Kwenye batani ya nne lehemu iling'aa juu, lakini chini haikuwa imeshika kabisa. Kopo likikandamizwa nyuma, waya ulinyanyuka kidogo, na batani zilizofuata, ya kuruka ikiwemo, zikafa. Ukiachilia, waya unarudi mahali pake.

Chuma cha lehemu kilikuwa tayari cha moto na kazi ilikuwa ya dakika mbili. Lakini Marcella alimrudishia Lorine leso yake, akakichomoa chuma kwenye umeme, akasubiri kipoe, akakitia mfukoni na kwenda nyumbani na kopo likiwa wazi vilevile.

Ratemo alikuwa amelala chali.

"Amka. Bonyeza hapa kwa mkono huo."

Alisita. Hakuwahi kuutoa mbele yake. Kisha akapandisha mkono wa shati, akabonyeza. Waya ukanyanyuka. Akaachilia, ukarudi.

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe. Ni mimi. Niliunga vibaya."

Ratemo akabonyeza tena, na tena.

"Mara tatu nimekurudishia."

"Mara tatu."

"Na ukaniambia nibonyeze na nguvu!"

"Nilikuambia."

"Wewe ni fundi bure kabisa, Marcella! Watu wa Kendu wanakuletea simu zao kweli? Hawana macho? Waya mmoja tu, mmoja, unakushinda?"

Sauti yake ilikuwa imepanda, ile ya kubishana na marefa, na nje jirani aliacha kufagia ili asikilize. Marcella aliinamisha kichwa.

"Endelea," alimwambia.