Fundi wa vitanda atengeneza gitaa jepesi kwa bega la mdogo wake

Saa moja asubuhi, kabla wateja wa nyama hawajaanza kujipanga, gitaa linaning'inia buchani kwenye ndoano ya mizani. Mwenye bucha amejifuta mikono kwenye aproni na anasubiri mshale utulie.

Mbele ya mizani amesimama mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi na penseli nyuma ya sikio. Mtaani wanamwita Mama Gundi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuviona vidole vyake vikiwa safi.

"Kilo tatu na kidogo," mwenye bucha anasoma. "Nikukatie na maini, au hii inakutosha?"

Mama Gundi hacheki. Anainama asome mwenyewe, maana mtaa mzima unajua jinsi mwenye bucha anavyoisoma ile mizani.

"Hicho kidogo ndicho kinachoniua," anasema. Analishusha gitaa, analifunga kwenye shuka na kuondoka bila kuaga.

Karakana yake iko uani, nyuma ya bucha hiyohiyo. Ni chumba kimoja cha mabati, chenye kabati lisilo na milango na vitanda viwili vya wateja vilivyosimamishwa ukutani. Vitanda na milango ndivyo vilivyomlisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwezi ukiwa mzuri huuza vitanda vinne. Mwezi huu ameuza kimoja tu, na wenye hivi viwili wameshachoka kupiga simu.

Kilichomweka nyuma ni gitaa ambalo hakuna anayelilipia. Ni la mdogo wake.

Mdogo wake huyo anaitwa Solo, kwa kuwa ndilo gitaa analopiga katika bendi ya muziki wa dansi. Mwaka jana pikipiki ilimgonga akivuka barabara, bega la kushoto likavunjika. Bega hilo ndilo linalobeba mkanda wa gitaa. Mfupa uliunga, lakini gitaa lake la zamani lina kilo nne na nusu, na kila akilivaa, wimbo mmoja tu vidole vinakufa ganzi. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia kitu chochote kinachozidi kilo tatu asikitundike begani.

Bendi ilimvumilia, kisha ikachukua mpigaji wa muda. Wiki iliyopita kiongozi wa bendi aliweka mambo wazi: kwenye mazoezi ya Alhamisi, Solo asimame apige nyimbo zote mpaka mwisho. Akishindwa, yule wa muda anakuwa wa kudumu.

Alhamisi yenyewe ni leo.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza Solo kwa nini asipige akiwa amekaa. Lilikuwa swali la busara mpaka lilipotoka mdomoni.

"Kaka, watu wanakuja kucheza," Solo alijibu taratibu. "Ukikaa kwenye kiti wanadhani wewe ndiye unayekusanya viingilio."

Wazo la kutengeneza gitaa lilikuwa la dada mtu. Gitaa jepesi la dukani lilikuwa na bei isiyosemeka mbele ya wagonjwa, kwa hiyo akamwambia alete lile la zamani waligeuze waone.

"Nikalifungua. Shingo inatoka kwa skrubu nne. Vinasa sauti vinatoka, daraja la nyuzi linatoka," anasimulia Mama Gundi. "Kinachobaki ni kiwiliwili, na kiwiliwili ni ubao. Nikamwambia, wewe mtoto, uzito wote uko kwenye ubao, na dada yako ni fundi mbao, halafu umekaa nyumbani unanuna?"

Hakuwa na ubao mmoja mpana wa kutosha. Alikuwa na mabaki. Katikati aliweka kipande cha msaji kilichobaki kwenye fremu ya mlango, kwa sababu nyuzi za gitaa huvuta kwa nguvu na zinahitaji mti usiopinda. Pande zote mbili akaunganisha mkangazi, ambao ni mwepesi zaidi. Baina ya mbao hizo akapitisha vipande vyembamba vya mpingo, vyeusi tii, ambavyo havina kazi yoyote.

"Hizo ni mbwembwe," anakiri. "Na mimi nina haki ya mbwembwe."

Msaji una mafuta, hivyo aliufuta kwa spiriti kabla ya kupaka gundi, la sivyo maungio yangeachia. Baada ya hapo akauchimba ule mkangazi kwa ndani mpaka ukabaki kuta tu, akafunika juu kwa ubao mwembamba wa mninga. Siku ya Jumatatu alilipeleka gitaa buchani kulipima likiwa na kila kitu isipokuwa mkanda. Lilikuwa chini ya kilo tatu, japo kwa kidogo. Alirudi akiimba, na mwenye bucha anasema kuimba kwenyewe hajui.

Mkanda wa gitaa hushikwa na vijiti viwili vya chuma, kimoja kitakoni, kingine kwenye ncha ya pembe ya juu. Cha kitakoni kiliingia kwenye msaji kikakaa imara. Solo alikuwa ameshika gitaa, dada yake ameshika drili. Akaielekeza kwenye pembe, akabonyeza. Drili ikakata mbao kidogo tu, kisha ikazama mpaka mwisho.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimetoboa hewa," alijibu.

Katika kutafuta wepesi, alikuwa ameichimba hata ile pembe, mahali ambapo mzigo wote wa gitaa ungening'inia. Kilichobaki kilikuwa ganda. Kosa hilo fundi wa magitaa asingelifanya, lakini yeye analieleza bila kujitetea.

"Maisha yangu yote natengeneza vitu vinavyosimama sakafuni. Kitanda kina miguu, kabati lina miguu. Sijawahi kutengeneza kitu cha kutundikwa kwa mtu. Nilifikiria nyuzi, nikafikiria sauti. Mkanda haukunijia kichwani hata kidogo."

Solo aliketi kwenye ubao wa kitanda cha mtu. Akasema, "Basi, dada. Umejitahidi. Tuache tu."

"Neno lile liliniuma kuliko kosa lenyewe," anasema Mama Gundi. "Kama angenifokea ningemwelewa. Lakini 'tuache tu', kwa sauti ile ya mtu aliyeshajizoesha kukosa? Nilipandwa na hasira. Nikamwambia toka nje ya karakana yangu."

Solo alitoka, akasimama palepale mlangoni.

Mfuniko wa mninga usingebanduka bila kupasuka, hivyo fundi aliingilia nyuma. Alikata dirisha dogo kwenye mgongo wa pembe, akachonga gogo la msaji likajaa sawasawa mle ndani, akalipaka gundi na kuliziba kwa kiraka cha mkangazi. Gogo alililaza kwa upande, ili skrubu ya kijiti cha mkanda ikate mishipa ya mbao badala ya kufuatana nayo. Skrubu inayofuatana na mishipa hung'oka ikivutwa.

Ilishika. Alilinyanyua gitaa kwa mkanda na kulitingisha mbele ya mdogo wake mpaka yule akamwomba aache.

Lakini msaji ni mzito, na ndiyo maana asubuhi ya leo mshale umekataa. Sasa amelilaza gitaa kifudifudi juu ya shuka na anakwangua mgongo, pale linapokutana na tumbo la mpigaji. Akiridhika analigeuza na kuuchonga mshazari ukingo wa mbele, mahali pa kuegemeza mkono. Kila baada ya muda anagonga kwa kidole na kusikiliza, asije akafika kwenye uwazi. Randa ikimaliza anachukua msasa. Mazungumzo yamekatika, na mwandishi ameshaombwa mara mbili asogee, anaziba mwanga.

Saa nne anarudi buchani. Mshale unasimama kwenye tatu, haupandi wala haushuki. Safari hii mwenye bucha hatanii.

Alasiri, kwenye ukumbi wenye viti vilivyopangwa juu ya viti, Solo anavaa gitaa lisilo na vanishi wala rangi. Yule mpigaji wa muda ndiye anayemchomekea waya, kwa adabu, na kwenda kukaa pembeni. Kiongozi wa bendi amekunja mikono. Mama Gundi amesimama karibu na mlango, na macho yake hayatoki kwenye vidole vya kushoto vya mdogo wake.

Wimbo wa kwanza unapita, na wa pili. Kwenye wa nne Solo anainua bega, uso umekunjamana, na dada yake anapiga hatua mbili mbele. Kumbe alikuwa anasogeza mkanda. Anaendelea, na vidole vinaendelea naye, mpaka wimbo wa mwisho.

"Sauti ya hilo gitaa imekauka kidogo," anasema kiongozi wa bendi, ambaye hasifu mtu. Anakunja orodha ya nyimbo. "Kesho saa moja jioni. Usichelewe."

Solo anageukia spika na kujifanya anachomoa waya. Mabega yanamtikisika. Analia, na wenzake wanamwacha alie.

Nje ya ukumbi, mpiga besi ameshamfuata fundi kumuuliza kama anaweza kumtengenezea na yeye. Mama Gundi anasema amalize kwanza vitanda vya watu. Baadaye angependa kutengeneza gitaa zima, na shingo yake, kwa mbao alizozikausha mwenyewe.

Anapoulizwa anatarajia nini kutoka kwa hili la kwanza, anakwangua gundi kwenye kidole gumba kabla ya kujibu.

"Tangu ile ajali, kila nikifunga karakana napita kwake. Namkuta amekaa kwenye kiti, redio amezima. Mwanamuziki, na redio amezima. Kesho nitapita kama kawaida. Nataka nigonge, nigonge tena, nikose mtu."