Mshonaji aliyemtetea kijakazi wa sinema

Saa mbili asubuhi, Ersilia Bonardo amepiga magoti chini ya paa la kioo la studio, pini tatu mdomoni, akipunguza upindo wa gauni la mwigizaji Leda Valdieri. Katika filamu hii, Leda ni mke wa kabaila, na ukoo wa mumewe unamtimua baada ya barua yake ya mapenzi kuchapishwa gazetini.

"Simama wima, bibie," Ersilia anamwambia. "Picha hazina sauti. Watu watakusoma mgongoni."

Anawajua makabaila. Kwa miaka tisa alikuwa mtumishi wa chumbani katika jumba moja hapa Torino, Italia, hadi barua ya mapenzi ya bibi mwenye nyumba ilipovuja. Ukoo ukasema kijakazi ndiye aliyeiuza. Hakuna nyumba iliyomchukua tena. Kwa miaka sita alifua nguo za watu mtoni, mikono ikipasuka kwa baridi. Hata dada yake, Delfina, alimkataa.

"Aliniambia, 'Nina mabinti wa kuposwa, Ersilia. Usije hapa mchana,'" anakumbuka.

Studio ilimwajiri miaka miwili iliyopita, kwa lira tatu kwa siku. Hakubishana na mtu mpaka mwezi uliopita, mwongozaji, Bwana Gallesio, alipotaka kijakazi wa filamu aonekane akipokea dhahabu na kutoa barua.

"Huo ni uongo, bwana," Ersilia alisema mbele ya wote.

"Wewe kazi yako sindano."

"Na kabla ya sindano nilikuwa huyo kijakazi. Nikiuza barua, kesho nafukuzwa, silali ndani. Mtazame shemeji wa bibi, ndugu wa mume anayengojea urithi."

"Kule jumbani kwenu alikuwa shemeji?"

"Alikuwa yeye."

Ersilia alijua kibarua kimeota nyasi. Gallesio aliizunguka kamera mara mbili, kisha akamwita mwigizaji wa shemeji. "Vaa koti. Barua unaiiba wewe."

Tukio lilipigwa siku hiyohiyo. Kijakazi alipotupwa nje, mafundi wa taa waliacha mzaha wao.

Filamu itaonyeshwa Novemba, na Delfina amekubali kuja na mabinti zake.

"Sitamweleza lolote, macho anayo," anasema Ersilia, ambaye mwakani anataka kufungua duka la mavazi, jina lake zima mlangoni. "Binti yake mdogo ana mkono mwepesi wa kushona. Nitamwomba aje tufanye kazi pamoja. Dada akiniachia mtoto wake, nitajua ameniamini."