Nyasi Miguuni pa Dereva

Ninyi wajukuu mnaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mnasema bibi yenu hajui kucheka. Mimi nimewahi kucheka mpaka nikashika mgomba nisianguke, na sababu ilikuwa breki.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa babu yenu aliendesha gari la sinema la serikali. Nyuma lilikuwa na chumba cha mbao: kitanda, jiko la mafuta ya taa, na sufuria zangu nilizozifunga kamba. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, na nyumba yangu ndiyo hiyo. Leo tunalala Kahororo, kesho Muleba. Niliipenda kupita kiasi. Lakini mama mkwe akatuma neno kutoka Nshamba: anakuja Bukoba, tumrudishe kwa gari hilo hilo aione hiyo nyumba. Akiona si nyumba, mimi nibaki kwake nipalilie migomba, mwanawe azunguke peke yake.

Matairi ya mbele yalikuwa yameisha, laini kama kiganja. Babu yenu akabadilisha vipande vya breki vilivyolika, akapaka grisi panapolia, kisha tukaenda stoo. Yeye aliyataka matairi fulani yanayong'aa, eti hayapigi kelele. Nikayageuza, nikaona ubavuni yana nyufa za kukaa juani. Nikahamia kwenye yale ya meno makubwa, nikaingiza vidole jino kwa jino.

"Mama, unanunua tairi au mbuzi?" akauliza mwenye stoo.

"Mbuzi nikikosea nitamla. Tairi nikikosea litanila mimi."

Tukachukua ya meno.

Mama mkwe alipoingia garini alitazama sakafu ya mbao, akashuka. Akarudi na mzigo wa nyasi kichwani.

"Nyumba isiyo na nyasi ni banda," akasema.

Akatandika chumba chote kama tunavyotandika nyumbani sisi Wahaya. Akaja mbele, akatandika mpaka miguuni pa dereva, na hapo akaweka nyasi nene zaidi, kwa kuwa ni pa mwenye nyumba. Nani angemkataza?

Tukaondoka, sisi watatu kiti cha mbele, mvua inanyesha. Mteremko wa kwanza babu yenu akakanyaga breki. Pedeli haikushuka.

"Waitu mama," akasema kwa adabu ya Kihaya, "nyasi zako."

"Nzuri, eeh?"

"Nzuri sana. Zimekamata breki."

Akaingiza gia ndogo, akakata kona kuelekea ukingo wa barabara. Meno ya matairi yakauma tope, gari likapanda ukingo likinguruma, likasimama limeegemea mgomba. Jani zima likaingia dirishani, likamfunika mama mkwe kichwa.

Sauti ikatoka ndani ya jani: "Mwanangu, nilisema unifikishe shambani kwangu. Hili la nani?"

Hapo ndipo niliposhuka nikaushika ule mgomba. Babu yenu alicheka mpaka machozi. Mama mkwe naye alicheka huku akizichomoa nyasi miguuni pa dereva, akazitandika chini ya magurudumu ili gari lisiteleze likirudi nyuma. Likatoka, nami nikamsimulia habari za matairi kule stoo.

"Inakimbia, lakini ni nyumba," akaniambia. "Kaa nayo. Ila huyu asichague matairi."

Tangu siku hiyo amri yangu nyumbani ni moja: asiwashe mtu gari kabla sijashika meno ya tairi, na nyasi mtandike nyuma tu.