Taa Aliyoiona Mke Wangu

Mke wangu alipanda nyuma ya pikipiki yangu miaka thelathini. Mwaka huu aliniuliza mara mbili, "Baba watoto, mbona ukipiga resi taa haiongezi mwanga?" Nikamjibu ni betri tu, nikanunua nyingine.

Siku nampeleka hospitali, pikipiki ilizimika njiani. Alikata roho begani kwangu tukisubiri gari.

Baada ya mazishi nikaenda kwa fundi. Akaichaji betri kidogo, akawasha injini, akaweka kipimo kwenye betri.

"Mzee, kipimo hakipandi. Betri umeionea bure. Waya wa kuchaji umeungua huku; betri ikiisha, injini inazima."

"Tangu lini?"

"Miezi, mzee wangu. Hukuona taa?"

"Aliona mwenzangu."

Akaunga waya. Nikapiga resi, taa ikang'aa. Nikazima, nikaisukuma hadi nyumbani, kiti cha nyuma kikiwa kitupu.